Fundi Aliyeenda Kenol Kununua Betri

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivyo nikiwa nimekaa sawasawa, chai mkononi, na mke wangu ananisikia kutoka jikoni na hajabisha. Nimeona jenereta ikishika moto katikati ya vita vya sayari, na watu wakapiga makofi wakidhani moshi ule ulikuwa kwenye bei ya kiingilio. Nimeona mbuzi akiingia ukumbini, akasimama mbele ya skrini, akakataa kutoka mpaka mwisho. Nimeona mwanamume mzima kutoka Kagio akimrushia jambazi wa filamu kiatu, halafu akaja polepole kuniomba nimpitishie kiatu chake kwa heshima.

Kwa hivyo nyinyi vijana mnapokuja hapa na kuniuliza, "Mzee Njogu, katika kazi yako yote ni kitu gani kilikushangaza?" mimi hujibu hakuna. Hujibu haraka, ndio msifike kwenye ile Jumamosi ya Kutus. Leo nitawafikisha huko mwenyewe. Nilishinda siku hiyo, na ushindi wangu sijawahi kuufunika na blanketi.

Kwanza mjue kazi yenyewe, kwa sababu wengine wenu mmezaliwa na simu kiganjani. Kazi yangu ilikuwa kuongea. Picha inacheza kwa Kiingereza, mimi niko kando na maikrofoni, nawaambia watu kinachoendelea kwa Kiswahili na Gĩkũyũ kidogo, na pale nisipoelewa naongeza yangu. Shule niliachia darasa la sita. Kiingereza nilikiokota kwenye filamu zenyewe, ndiyo maana hadi leo najua kusema "weka silaha chini" vizuri kuliko kumsalimia mzungu asubuhi. Lakini kutoka Sagana mpaka Kerugoya, kutoka Karatina mpaka Nyeri mjini, uliza mtu yeyote mwenye mvi kidogo: Mdomo ni nani? Atakuambia. Na ukumbi wa mabati ulioko nyuma ya soko la Kutus, kila msumari wa paa lake niliupigilia mimi. Kiwanja tu ndicho cha kukodi.

Aliyenitoa kwenye magunia ni Gakuru wa Karatina, Mungu amlaze pema. Mimi nilikuwa nabeba viazi sokoni, yeye alikuwa na deki, televisheni yenye mgongo kama jiko la mkaa, na pikapu ya kuzungukia vijijini. Alinisikia nikipiga kelele kuuza viazi ambavyo hata si vyangu. Akaniambia, "Wewe kijana, hiyo sauti unaipoteza kwa viazi."

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudisha kanda vibaya nikawaonyesha watu mwisho wa filamu kabla ya mwanzo. Adui amekufa, dunia imeokoka, watu wanakumbatiana, na bado hata majina ya mwanzo hayajapita. Jasho likanitoka. Gakuru akaninong'oneza bila hata kugeuka: "Sema ni ndoto." Nikasema: "Watu wangu, hiyo ilikuwa ndoto ya huyu jamaa, sasa anaamka." Wakakubali. Nimetumia ile ndoto maisha yangu yote, na si kwenye filamu peke yake.

Gakuru alinifundisha kuwapa watu wa filamu majina ya nyumbani. Kapteni wa chombo cha anga ni Muriuki. Daktari wa chombo ni Nyambura, na ni lazima awe amekataa kuolewa na Muriuki. Mashine inayoongea ni karani wa chifu, kwa sababu inajua kila kitu na haikusaidii na chochote. Na wale viumbe wa ajabu wenye vichwa vikubwa, hao wametoka Kenol. Kwa nini Kenol? Kwa sababu kila mtu wa huku ana shemeji Kenol, na kila mtu ana neno na shemeji yake. Ukisema tu "hawa ni wa Kenol," ukumbi umekwisha, umeupata.

Sasa, nasikia mkisema ati watu wa zamani walikuwa na subira na nyinyi hamna. Mimi nilikuwepo, wacha niwaambie. Mwanzoni kabisa watu walikuwa hawataki filamu iishe. Mtu ametoka Baricho kwa miguu, amelipa, unataka kumfukuza kwa nini? Walikuwa wanatazama hata yale majina yanayopanda mwishoni, mstari kwa mstari, na kuna mzee mmoja alikuwa anayahesabu kama anayehesabu watu wa ukoo wake. Nikizima kabla hayajaisha, alikuwa ananiuliza, "Mbona unatupunja?"

Halafu zikaja filamu za ngumi. Hizo ndizo ziliharibu watu. Baada ya ngumi, mtu akiona waigizaji wawili wameketi mezani wanazungumza, anaanza kukohoa. Na filamu za anga ndizo zilipata taabu zaidi, maana hizo zilitengenezwa na watu wasio na haraka. Chombo kinatokea pembeni ya skrini. Kinapita. Bado kinapita. Unamaliza mahindi yako ya kuchoma, chombo hakijafika upande wa pili. Siku moja dereva wa lori la nyanya alipiga kelele kutoka nyuma, "Mdomo, hiyo kitu imeisha mafuta ama?" Watu wakacheka, na nikaona wawili wakisimama kwenda zao.

Hapo nikagundua dawa. Chombo kikianza kupita, mimi natoa matangazo. "Wakati Muriuki anaelekea kwenye ile nyota, ng'ombe wa Mwangi wa Kimunye amepotea, ni mweusi mwenye baka jeupe, aliyemwona aseme." Nilitangaza bei ya nyanya, nilitangaza harambee, nilitangaza mazishi. Kuna msichana aliposwa kwa maikrofoni yangu huku roketi ikizunguka mwezi, na sasa wana watoto watatu. Mtu wa Nyeri mjini alijaribu kuniiga akashindwa, kwa sababu yeye alikuwa anatangaza wakati watu wanapigana kwenye filamu. Hapo hutangazi. Unatangaza wakati hakuna kitu.

Baadaye hata matangazo hayakutosha. Kanda zikaenda, sidii zikaja, nikampata Kimani, kijana wa kompyuta pale Sagana, mtu wa miwani. Tukawa tunakaa na filamu, anaiendesha mbio, mimi nasema "kata hapo, kata hapo." Chombo kinapita, kata. Mtu anatazama dirishani, kata. Mtu anapumua tu ndani ya kofia yake, kata! Filamu inaingia kwa Kimani imenona, inatoka imekonda kama mwanariadha. Watu walipenda. Nilijaza ukumbi Kutus, nilijaza Kagio, nilijaza Karatina nyumbani kwa mwalimu wangu. Sioni aibu kusema: hakuna mtu mlimani hapa aliyejua kukata filamu kama mimi.

Ndipo ikaja ile ya fundi wa taa.

Ni filamu ya watu wanne wanaorudi nyumbani kutoka sayari ya mbali. Kapteni, daktari, kijana wa ramani, na fundi mzee wa mitambo. Nilimpenda yule fundi kwa sababu alikuwa na tumbo kama la kwetu. Chombo kinaharibika njiani. Fundi anavaa kofia, anachukua taa yake, anafungua mlango anatoka nje kwenda kurekebisha kitu. Hapo mimi na Kimani tukaona ni kipande kirefu cha mtu ameketi juu ya paa la chombo, hasemi, hafanyi kitu. Tukiwa tunaiendesha mbio alikuwa anatetemeka tu kama kuku kwenye mvua. Nikasema kata. Kikaenda chote. Kwenye filamu yetu fundi anatoka na taa, na mara moja wale wengine wanafika nyumbani.

Mbele kabisa ya ukumbi wangu kulikuwa na benchi la Cucu Nyawira. Alikuwa mama mzee mwenye duka la mbegu sokoni, na hakuna filamu aliyoikosa. Halipi, maana alisema miguu iliyomfikisha hapo imeshalipa. Siku hiyo, wale watatu wanashuka kwenye chombo, wanakumbatiwa, mimi nimepandisha sauti, na Cucu anainuka.

"Wewe Mdomo! Na yule fundi wa taa?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikatafuta ndoto ya Gakuru, nikaona haitoshi. Mdomo wangu ukajibu wenyewe:

"Ameenda Kenol kununua betri, Cucu."

Watu walianguka. Nasema walianguka, kuna benchi lilivunjika. Na Cucu hakuketi. Akangoja kicheko kipungue, akasema, "Na mbona hajarudi?"

"Kuna msongamano Sagana."

Nilitoka ukumbini siku hiyo nimebebwa mabegani. Na yale maneno yakaenda mji mzima. Bwana harusi akichelewa, ameenda Kenol kununua betri. Mheshimiwa akichaguliwa asionekane tena, ameenda Kenol kununua betri. Mpaka kanisani, mchungaji alimtaja kondoo mmoja aliyepotea, na mtu nyuma akasema ako Kenol. Lakini Cucu Nyawira, kila tulipokutana sokoni, alikuwa ananiuliza bila kucheka: "Fundi wetu amerudi?" Nami namjibu, "Bado, Cucu." Tulizeeka na mzaha huo. Mimi niliuchukua kuwa mzaha.

Sasa njooni na mimi kwenye siku za simu.

Siwezi kuwadanganya, simu zilinipiga. Ukumbi uliokuwa unajaa mpaka watu wanakaa madirishani, ukabaki na wazee, na vijana wachache waliofukuzwa nyumbani. Nikapunguza kiingilio, wapi. Nikakata filamu zaidi, zikawa fupi kama tangazo la sabuni, wapi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kijana mmoja, Brayo, mtoto wa Wambui wa cherehani. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na mashine mbili za michezo, na kazi nyingine: anachukua filamu ya saa mbili, anaisimulia kwa sauti yake kwa dakika tatu, anairusha kwa simu za watu. Yaani kazi yangu, lakini imechemshwa mpaka ikakauka. Na watu walimfuata wengi. Nilipomsikia mara ya kwanza nilisikia mzaha wangu wa shemeji wa Kenol humo ndani. Sikukasirika. Nilijua tu kwamba mwizi amechagua nyumba tajiri.

Mwenye kiwanja ni Nyina wa Wangari, ambaye pia ana hoteli ya chai mlango wa pili kutoka kwangu. Mama mnene, mpole, na kwa kodi hana upole. Akaniita hotelini kwake asubuhi moja, Brayo amekaa hapo na mandazi yake.

"Baba Muthoni," akaniambia, na akiniita kwa jina la mtoto wangu najua kuna jambo, "huyu kijana anataka ile nyumba. Aweke mashine kumi. Mimi sitaki kukutoa. Lakini watu wako wako wapi?"

Kabla sijajibu, Brayo akasema, "Watu wake wameenda Kenol kununua betri."

Hoteli nzima ikacheka. Kwa mzaha wangu mwenyewe! Hapo damu ilipanda.

"Kijana," nikamwambia, "wewe unadhani watu wanapenda hizo dakika zako tatu. Hawapendi. Hawajapewa kitu kingine."

"Guka," akasema, na mimi wakati huo hata mjukuu sina, "siku hizi mtu hawezi kukaa masaa mawili akiangalia kitu moja. Hata wewe ulijua hiyo zamani, ndio ukakuwa unakata."

"Mimi naweza kuwakalisha."

"Ni hiyo mdomo inawakalisha. Filamu hakuna mtu anataka."

"Naweza kuwakalisha hata bila mdomo."

Vijana, ulimi ni kitu cha ajabu. Neno likishatoka, haliwezi kurudi.

Brayo akatabasamu. "Basi weka ile ya fundi. Yote, bila kukata. Niko nayo kwa kompyuta. Mimi mwenyewe nililala mara mbili. Na wewe usiseme kitu."

Ndivyo masharti yalivyowekwa, Nyina wa Wangari akiwa hakimu. Sharti la kwanza: mtu hata mmoja akitoka ukumbini kabla ya filamu kuisha, nyumba inakwenda kwa Brayo. Wasipotoka, mimi nabaki nayo, na Brayo anakuja kunifanyia kazi kila Jumamosi. Sharti la pili: mimi nisitoe neno. Nikitoa, sipotezi nyumba, lakini nitawanunulia chai na mandazi wote walioko ndani. Hilo la pili alilileta Nyina wa Wangari mwenyewe. Mnaona hakimu alivyokuwa na birika mbele.

Nilipofika nyumbani mke wangu aliuliza, "Masaa mawili? Wewe hata usingizini unaongea." Sikumjibu, nikawa nimeanza mazoezi.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mtu wa darasa la sita anawafundisha kazi. Kujaza ukumbi hakukunipa shida. Nilimtuma mtu na spika sokoni atangaze kwamba Mdomo atanyamaza masaa mawili mbele ya watu. Wakaja kutoka Mwea, wakaja kutoka Kerugoya, wakaja hata wale nilikuwa nawadai. Hakuna aliyekuja kwa ajili ya filamu. Walikuja kuniona mimi nikipasuka.

Kuwabakisha ndani ndiyo ilikuwa kazi. Mabenchi niliyabana mpaka magoti yakagusana, ili anayetaka kutoka awasumbue watu wanane kwanza. Mwisho wa kila benchi niliketisha mtu mzito. Mlango niliacha kuutia mafuta wiki nzima, ulie kama nguruwe ukiguswa, kila kichwa kigeuke. Na saa ya kuanza nilichagua saa ya mvua. Ilikuwa msimu wake, mlima umefunika uso tangu asubuhi. Filamu nyingine mvua ya mabati inaziua, husikii kitu. Hii haikuwa na maneno mengi ya kusikia. Na nani anatoka kwenye mvua ya Kutus na viatu vizuri?

Mimi mwenyewe nilikaa kando ya skrini, watu wanione, na kipande cha muwa mdomoni. Ukitafuna muwa huwezi kuongea. Brayo alisimama karibu na mlango, simu juu, ananasa kila kitu, tayari kwa yule wa kwanza kutoka.

Tukaanza. Chombo kikatokea pembeni ya skrini. Kikapita.

Wacha niwaambie ukweli, nilitafuna muwa kama sungura. Kila kitu kilichopita kwenye skrini kilikuwa na utani wake, na utani wote nilikuwa nao, umejipanga kooni kama watu kwenye mlango wa benki. Watu hawakuwa wanaangalia filamu. Walikuwa wananiangalia mimi. Mtu akipiga chafya, wanageuka kuona kama ni mimi. Kijana mmoja akauliza kwa sauti, "Mdomo, bei ya nyanya ni ngapi?" Wakacheka. Nikatafuna. Wakanichokoza hivyo, na nje mvua ikapiga mabati, na simu zikawaka huku na huku kama vimulimuli.

Halafu wakachoka na mimi. Hilo sikulitegemea. Mtu asiyejibu hachekeshi. Mmoja mmoja, macho yakaniacha yakaenda kwenye skrini, kwa sababu hayakuwa na mahali pengine pa kwenda. Nami nikaangalia walikoangalia.

Na hapo, wakati wangu mbaya kabisa, mvua ikakatika. Mara moja, kama mtu amefunga mfereji. Jua likaingia kwenye matundu ya misumari. Mitego yangu yote ilikuwa imejengwa juu ya ile mvua. Nikamwona Brayo amesogea, ameacha njia ya mlangoni wazi kwa mtu yeyote. Nikasema moyoni, Njogu, nyumba imekwenda.

Kwenye skrini, fundi anachukua taa yake. Anawaambia wenzake anatoka kidogo kurekebisha bomba. Anamshika kijana wa ramani begani, anatoka.

Hiki ndicho kipande nilichokata. Nilikuwa nimekiona kikikimbia tu, mtu anatetemeka kama kuku. Sasa kikaenda mwendo wake. Fundi hakugusa bomba lolote. Alipanda juu ya chombo polepole, kama mtu anayepanda ngazi ya nyumba yake mwenyewe, akaketi. Akatazama kule dunia ilikokuwa, kitu kidogo cha buluu. Unasikia tu anavyopumua. Na ndani, kwenye saa ya hewa, ambayo Brayo na Kimani na mimi tuliiona sote bila kuiona, mshale unasonga: hewa ya watu wanne haitoshi, ya watatu inatosha. Hakuna anayekuambia. Inabidi ukae hapo mpaka uelewe mwenyewe. Na nilisikia ukumbi wangu ukielewa. Sijui niwaelezeje. Pumzi ya watu zaidi ya mia ikasimama pamoja. Zile simu zilizokuwa zikiwaka, hakuna hata moja iliyowaka. Yule dereva wa nyanya alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Fundi alikaa pale muda mrefu. Halafu akaitazama taa yake, akaizima, ili wenzake wasije kumtafuta.

Giza. Na kutoka benchi la mbele, sauti ya Cucu Nyawira, nyembamba, ya mtu amejibiwa swali:

"Kumbe hakuenda Kenol."

Hakuna aliyecheka. Nawaapia, mzaha mkubwa kuliko yote katika mji ule, na hakuna aliyecheka. Muwa ulikuwa umeniponyoka zamani. Nikasikia mtu akijibu, kwa upole, na maikrofoni ilikuwa imezimwa, lakini kila mtu alisikia.

"Hakuenda, Cucu."

Nilikuwa mimi.

Hakuna aliyetoka. Wale watatu walifika nyumbani, wakashuka, wakageuka kuutazama mlango, filamu ikaisha. Bado hakuna aliyetoka. Majina yakaanza kupanda, na watu wangu, watu wa dakika tatu, wakayatazama mstari kwa mstari mpaka la mwisho, kama wale wa zamani waliotembea kutoka Baricho. Nilipowasha taa, nikamwona Brayo. Hakuwa mlangoni. Alikuwa ameketi sakafuni kati ya miguu ya watu, simu imelala pajani uso chini.

Ndipo makofi yakaja. Nimepigiwa makofi mengi katika maisha yangu kwa ajili ya kuongea, na ninayakumbuka yote. Haya yalikuwa makubwa kuliko yote, nami nikayapokea nimesimama, mikono juu, kwa sababu ukumbi ni wangu, watu ni wangu, na wazo la kuwakalisha lilikuwa langu.

"Mzee," Brayo akasema akijipangusa suruali, na nikasikia ameacha ile guka, "nyumba ni yako. Nakuja Jumamosi."

"Njoo mapema, kuna mabenchi ya kupanga."

"Lakini uliongea."

Ukumbi ukalipuka. "Aliongea! Aliongea!" Nikajitetea kwamba maikrofoni ilikuwa imezimwa. Nikajitetea kwamba nilimjibu mzee aliyeniuliza miaka yote, na adabu ni adabu. Nyina wa Wangari akasimama mlangoni, mwiko mkononi, na nyuma yake nikaona moshi. Alikuwa amewasha jiko kitambo.

"Baba Muthoni, maneno ni mangapi?"

"Ni mawili tu. Moja ni jina la mtu."

"Hata ingekuwa nusu," akasema. "Kaeni, chai inakuja."

Sasa nimeweka maikrofoni chini. Brayo ndiye anayo, na anaitumia vizuri, ingawa hajanifikia na hatanifikia. Lakini mara moja kila mwezi tunaonyesha filamu ya anga yote, bila kukata, bila neno, na wanajaa, vijana kama nyinyi, simu mfukoni. Mimi hukaa benchi la mbele na muwa wangu. Mkitaka kuja, njooni mapema, wale wazito wa mwisho wa benchi hawasogei.

Siku ile walikunywa chai watu mia moja na kumi na saba. Chai shilingi thelathini, mandazi mawili shilingi ishirini. Cucu Nyawira aliomba kikombe cha pili, akaniambia hicho ni cha fundi. Nililipa vyote papo hapo, mbele ya watu, bila kuomba nipunguziwe: shilingi elfu tano, mia nane na themanini.